Msimwambie, Ana Mtihani

Kwetu, mwanafunzi mwenye mtihani haambiwi habari mbaya. Sijui sheria hiyo ilitungwa na nani, lakini sijaona nyumba iliyoivunja. Mtu anaweza kufa, nyumba inaweza kuungua, wazazi wanaweza kuachana na kugawana masufuria, na yule mtoto aliye bwenini hatajua lolote mpaka aweke kalamu chini kwa mara ya mwisho. Nilipokuwa kidato cha nne, babu alifariki wiki tuliyoanza mtihani. Nilifika nyumbani na sanduku langu kichwani nikakuta kaburi lake limeanza kuota nyasi. Nililia sana, halafu nikapewa chakula nikala, na matokeo yalipotoka mazuri, ukiacha hesabu, watu wakasema, mnaona? Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Kwa hiyo siwezi kujifanya mgeni wa desturi yetu. Ambacho sikukijua ni kwamba ingenifuata mpaka London, mimi mama mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye binti aliyenipita kimo, na kwamba mama yangu angeugua, angekufa na kuzikwa huko kwenye milima ya Taita wakati mimi niko maktaba ya Stratford natafuta eneo la duara.

Nilikuwa nimefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwa miaka mingi. Wakenya wa hapa tunaiita care, na ukisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Unamwamsha mtu, unamwogesha, unampa chai na dawa zake, unakimbilia basi kwenda kwa mwingine. Sikuidharau kazi hiyo na siidharau leo. Lakini mama yangu alikuwa amewaambia watu wote wa soko la Wundanyi, alikokuwa akiuza kabichi, kwamba binti yake ni nesi Uingereza. Nilijaribu kumsahihisha kwenye simu.

"Mama, mimi si nesi. Nasaidia wazee tu."

"Unawapa dawa?"

"Nawapa."

"Vidonda unasafisha?"

"Mara nyingine."

"Basi wewe ni nesi, usinichanganye mbele ya wateja."

Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Mama alikuwa na sukari na presha, na miaka ilikuwa imeshaanza kumlemea. Kila nilipoenda likizo nilimkuta amepungua kidogo, mabega yameshuka, mkono umekuwa mwepesi. Nikajiambia kwamba kabla hajafa nitalifanya neno lake liwe kweli. Nitavaa sare ya nesi, nimpelekee picha, aionyeshe soko zima mpaka watu wamkimbie. Hakuna kingine nilichotaka. Watu huniuliza nilisoma kwa ajili ya nini, wakitarajia niseme maisha bora, na mimi huwajibu ukweli kwamba nilikuwa nakimbizana na umri wa mama yangu.

Chuo nilichoingia kiko upande wa Stratford, ni chuo cha watu wa kawaida, wale walioacha shule zamani na wale ambao shule iliwaacha wao. Kuna kozi ya mwaka mmoja kwa watu wazima. Ukiimaliza vizuri, chuo kikuu kinakufungulia mlango. Ila kwa unesi walitaka pia cheti cha hesabu cha hapa hapa Uingereza, na hesabu zangu za Kenya zilikuwa aibu tupu. Mshauri wa chuo, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alinieleza kwamba watu wenye kazi na watoto huanza na hesabu mwaka wa kwanza, kisha kozi yenyewe mwaka wa pili. Kuunganisha vyote viwili, alisema, huwa kunawashinda wengi.

Nilimwambia nitaunganisha. Alinitazama juu ya miwani yake akaniuliza kama nina uhakika, nami nikajibu kwa haraka ya mtu asiyetaka kufikiri. Mwaka mmoja niliouokoa pale ulikuwa wa mama.

Basi nikaingia kwenye mashine. Siku tatu za wiki darasani, baiolojia, saikolojia na mambo ya jamii, jioni mbili hesabu, na siku zilizobaki, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kazi. Kila wiki kulikuwa na asaimenti ya kukabidhi. Niliandika insha jikoni kwa wazee wangu huku maji ya chai yakichemka, nikasoma sehemu za moyo kwenye treni ya kutoka Ilford, safari ya vituo vichache tu ambayo haitoshi hata kumaliza ukurasa. Binti yangu alijifunza kupika wali bila mtu kumfundisha. Alikuwa akiniwekea sahani mezani imefunikwa sahani nyingine, kama mama alivyokuwa akimwekea baba, ingawa hakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Lazima niseme habari ya figo, ingawa sipendi. Mwezi wa tatu tulipewa insha ya baiolojia kueleza kazi ya figo katika mwili, namna zinavyochuja damu na nini hutokea zikianza kushindwa. Niliipenda insha ile. Nilichora mchoro mwenyewe kwa penseli za rangi za binti yangu. Niliandika kwamba mgonjwa huvimba miguu, hukosa hamu ya kula, hulala sana mchana, na mwalimu akanipa alama ya juu kabisa, akaisoma sehemu yake mbele ya darasa. Miguu ya mama yangu ilikuwa imevimba tangu mwezi wa pili. Dada yangu mkubwa, anayeishi naye, alikuwa anaikanda kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na mimi sikuwa najua lolote.

Desturi yangu na mama ilikuwa kuzungumza Jumapili. Kuanzia mwezi huo wa tatu simu yake ilianza kupokelewa na dada. Mama yuko shambani. Mama ameenda kanisani, ibada imechelewa. Simu ya mama imeanguka kwenye ndoo. Mama amelala. Kama ningekuwa na akili ya kawaida ningejiuliza mwanamke aliyeamka alfajiri maisha yake yote amelala nini saa nane mchana. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa tarehe za kukabidhi kazi, na dada yangu ni hodari wa kusema uongo kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele. Nilisema haya, msalimie, nikakata.

Chuo kikuu kilinikubali mwezi wa nne, kwa sharti la kufaulu hesabu. Nilipiga simu nyumbani nikipiga kelele. Dada naye akapiga kelele, halafu ghafla akasema mtandao unasumbua.

Niliongea na mama mara moja tu baada ya hapo, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatoka mbali.

"Una nini mama?"

"Mafua. Hii baridi ya huku si unaijua. Umemaliza?"

"Bado. Kozi nimemaliza, zimebaki hesabu. Lakini zina karatasi tatu."

"Tatu zote za nini? Mnahesabu nyota?"

"Na kila karatasi ina wiki yake, mama. Ya mwisho ni mwezi wa sita katikati."

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake sauti ya kuku. Kisha akasema, "Haya. Maliza kwanza. Ukimaliza unipigie wewe mwenyewe, usimwachie dada yako aniambie." Nikamwahidi. Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi, basi likaja, nikapanda.

Sasa najua walichokuwa wamepanga. Walikuwa wameafikiana kwamba nikimaliza mtihani tu, siku hiyo hiyo, nitaambiwa nipande ndege nikamwone mama akiwa hai. Mpango wao ulikuwa mzuri kwa mtihani wanaoujua wao. Kwetu mtihani wa hesabu unafanywa na kuisha ndani ya siku chache, unatoka, unapewa soda, unaambiwa. Mama nilimwambia, lakini hakuwaeleza, na nani mwingine angewaambia kwamba Waingereza wanaweza kuukata mtihani mmoja vipande vitatu na kuvitawanya katika wiki tano? Siku ya karatasi ya kwanza dada alinipigia kabla sijafika stesheni.

"Umemaliza?" aliuliza, na nilimsikia akihema.

"Moja bado mbili!" nilimwambia kwa furaha, kwa sababu karatasi ilikuwa rahisi.

Akasema, "Haya mdogo wangu. Mungu akusaidie." Nilidhani amechoka na jua.

Karatasi ya pili ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mama alifariki alfajiri ya siku hiyo.

Watu husema damu huhisi. Nimesikia hadithi nyingi za wanawake walioangusha kikombe saa ile ile, walioota, walioshikwa na baridi katikati ya jua. Mimi sikuhisi kitu. Nilikunywa uji, nikavaa blauzi ya bluu, nikampigia kelele binti yangu kwa sababu ya viatu vyake mlangoni. Kwenye ukumbi wa mtihani nilikaa karibu na dirisha. Kulikuwa na swali la mtu anayechanganya rangi nyekundu na nyeupe kwa uwiano, nikalifanya, nikalirudia, likatoka sawa mara zote mbili, na nikatabasamu peke yangu. Nimemkasirikia mwanamke yule wa dirishani kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii. Namwona anavyotabasamu, natamani kumnyang'anya ile kalamu.

Nilipotoka sikupigiwa simu. Nilipiga mimi, dada hakupokea, akatuma ujumbe kwamba yuko kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Hilo angalau halikuwa uongo mtupu, kwa maana akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani kwetu wakimenya viazi.

Kwa kawaida Mkenya akifiwa hapa London hakosi watu. Habari ikifika kwenye kundi la simu la watu wa kanisa letu la Ilford, jioni hiyo hiyo wanaanza kuingia nyumbani kwako na masufuria yao, wanaimba, wanaomba, wanakaa na wewe mpaka siku ya mazishi. Mimi mwenyewe nimekanda chapati za matanga ya watu nisiowajua vizuri. Wakati huu walifungua kundi jingine, wote wakawekwa humo isipokuwa mimi. Waliyaweka matanga kwa jirani yangu, nesi kutoka Machakos anayekaa mtaa wa pili, ambaye ndiye rafiki yangu wa karibu hapa. Wakaimba, wakaomba, na kwa kuwa mfiwa hakuwepo, kwenye kiti cha mfiwa wakamkalisha binti yangu.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa ameijua habari hiyo kabla ya wote, kwa sababu binamu yake wa Voi aliweka picha ya nyanya yao na mshumaa kwenye simu. Alikimbilia kwa jirani badala ya kukimbilia kwangu. Mtoto huyu anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye si mtu wa kwetu, ni mtu wa Ilford. Hakuna aliyemfundisha desturi ile. Aliambiwa mara moja tu, mama yako ana mtihani, akaelewa, akaishika kuliko mtu mzima.

Jioni zile aliniambia anaenda mazoezi ya kwaya ya vijana. Nikamwambia vizuri, nenda, niache nisome. Alikuwa anaenda kupokea pole kwa niaba yangu. Watu wazima walikuwa wanampa mkono na kumwambia jipe moyo, naye anasema thank you, anarudi nyumbani, ananiuliza kama nimekula.

Siku moja alikaa ukingoni mwa kitanda changu akasema, "Mum, delete Facebook. Just till maths is done. It's distracting you."

Nilijivuna. Nilisimulia kazini kwamba nina mtoto mwenye nidhamu kuliko mimi. Nikaifuta.

Na chakula! Wiki ile mlango wangu ulikuwa haufungwi. Mmoja alileta githeri, mwingine ndengu, mwingine kuku mzima wa kukaangwa. Walikuwa wanasimama mlangoni, hawaingii, wananishika mkono kwa muda mrefu. "Soma dada," walisema. "Tunakuombea sana." Nikawatania kwamba mnataka nifaulu au ninenepe? Wakacheka kidogo, wakageuza uso. Mama mmoja mzee alinikumbatia akatoa machozi, nami nikafikiri, ama kweli watu hawa wananithamini, wanaona ninavyohangaika. Nilimwambia jirani yangu hivyo. Nikamwambia sikujua kama kusoma ukubwani kunaheshimiwa hivi. Alikuwa anaosha kikombe. Aliendelea kukiosha kikombe kile kile mpaka nikamwambia kimeshatakata.

Kwa kawaida maiti husubiri watu wa ng'ambo. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuwa amesema tangu mwanzo, "Msinilaze kwenye friji kama samaki wa Mombasa." Basi alizikwa Jumamosi. Asubuhi hiyo nilikuwa na wazee wawili, mmoja Rayners Lane, nilikotumwa kumshikia zamu mwenzangu aliyeugua, na mwingine karibu na nyumbani. Yule wa Rayners Lane alikuwa bibi wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, na tulizungumza Kiswahili muda wote, Kiswahili chake cha zamani cha dukani. Aliniuliza, "Mama yako iko?" Nikamwambia yuko, ana mafua tu. Baada ya zamu nilienda maktaba, nikafanya mazoezi ya duara.

Karatasi ya tatu ilikuwa ngumu lakini niliimaliza. Nilitoka nje, jua lilikuwa kali, wenzangu wa darasani wakakumbatiana, na mimi nikatoa simu nimpigie mama kama nilivyoahidi. Nilikuwa nimeshabonyeza jina lake nilipowaona. Jirani yangu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, na pembeni yake binti yangu akiwa amevaa sare ya shule. Ilikuwa saa ya shule.

Nilikata simu. Nilijua mtu amekufa, ila sikujua ni nani, na ninaona haya kusema kwamba nilipitia majina kadhaa nikitafuta la kuchagua. Walinisogelea. Jirani akanishika kiwiko.

"Dada, tukae kwanza."

Mtu wa kwetu akikwambia mkae kwanza, hakuna habari nyingine. Sikukaa. Kulikuwa na benchi karibu na ngazi za kwenda kwenye maduka, watu wanapita na mifuko yao ya kununulia, kijana mmoja anauza maji. Nikamwambia aseme nimesimama.

"Ni mama."

"Amekuwaje?"

"Mama alitutoka, dada. Tumeshamzika."

Lile neno "tumeshamzika" ndilo lililoniangusha. Lile la kwanza huenda ningelibeba. Nilimwuliza tumemzika nani, wewe na nani, mimi nilikuwa wapi? Nilipiga kelele. Stratford nzima ilinisikia, na Stratford haishtuki kwa kelele, watu walinikwepa tu wakaendelea na safari zao.

"Sasa tungefanya aje?" jirani alisema, naye analia. "Dada yako alisema mpaka u-finish. Ulikuwa na mtihani!"

"Mimi si mtoto wa bweni! Nina miaka arobaini na moja! Mtihani unafanywa tena! Mama anafanywa tena?"

Binti yangu ndiye aliyejibu. Alikuwa amenishika mkono wa blauzi kwa vidole viwili, namna alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo tukivuka barabara.

"They said you'd fail, Mum," alisema. "They said Nyanya wanted you to pass. I'm sorry. I sat in your chair."

Sikuelewa kiti gani. Nilielezwa baadaye. Nilimkumbatia kwa sababu alikuwa anatetemeka, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na huruma kwa mtu yeyote saa ile, hata kwake. Nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo ilinivusha mpaka Nairobi, ikanishusha kwa treni mpaka Voi, ikanipandisha mlima.

Nilifaulu hesabu, niseme mapema. Nilipita kwa alama niliyotakiwa, si zaidi, nikaingia chuo kikuu mwezi wa tisa, na sasa niko mwaka wa pili. Sare nimeivaa. Picha nilipigwa na binti yangu mbele ya mlango, nimeituma kwa dada, na dada aliipeleka sokoni kwa wale wanawake wa kabichi. Waliniambia nimependeza.

Lakini nataka kusema habari ya ile siku niliyofika nyumbani. Dada alinipokea getini kwa mikono miwili, sikumpa wangu. Alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado mwekundu, mashada yamenyauka, na karibu yake migomba ya mama ilikuwa imezaa bila kujali. Nilikaa chini pale kwenye udongo. Dada naye akakaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Heathrow, makali, yote nilikuwa nayo kichwani kwa mpangilio. Nilimwambia yote. Nilimwambia ameniibia mama. Nilimwambia sitamsamehe.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Ana miaka hamsini na nne, magoti yanamsumbua, na alikuwa amekaa vibaya akinyoosha mguu mmoja.

"Ni yeye aliyekataza," alisema. "Mimi nilitaka kukuambia tangu mwezi wa nne. Alinikatalia kabisa. Alisema nikikwambia, hatakula."

Dada akanyoosha na mguu wa pili.

"Kila asubuhi ananiuliza, amemaliza? Namwambia bado. Anasema haya. Kesho tena, amemaliza? Bado. Ile karatasi ya kwanza ilipopita, nikadhani imekwisha, kumbe yeye ulishamwambia ni tatu. Nilipomwambia zimebaki mbili, aligeukia ukutani."

"Na siku ya mwisho?"

Dada aliokota donge la udongo akalivunja vunja kwa vidole.

"Siku ya mwisho nilimdanganya. Daktari alikuwa ameshasema. Aliniuliza, amemaliza? Nikasema ndiyo mama. Amemaliza. Amefaulu, ni nesi sasa."

"Akasema nini?"

"Alifurahi. Akasema basi mpigieni, niongee naye. Nilitoa simu, nikatafuta jina lako. Halafu nikakumbuka kesho yake una mtihani. Nikairudisha simu mfukoni, nikamwambia nimepiga, hupokei."

Upepo wa mlimani ulikuwa unasukuma majani ya migomba. Nilimwuliza mama alijibu nini. Ilibidi niulize tena.

"Alisema, mwacheni alale. Atakuwa amechoka huyo."